Laptop 12 za Iringa zilivyoikataa flash niliyoiandaa wiki mbili Ilomba

Wakuu, poleni na majukumu. Nina miaka minne humu na huu ndio uzi wangu wa kwanza. Ninachoandika kimenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi, na nina furaha mpaka vidole vinakosea herufi.

Mimi ni kijana wa Mbeya, nilimaliza degree ya IT nikarudi kukaa kwa dada yangu Atu, Ilomba. Tatizo langu ni kuwaza. Nikitumiwa ujumbe wa "sawa", nakaa nusu siku najiuliza hiyo sawa ni ya kheri au ya hasira.

Sasa, kuna mama mmoja mfanyabiashara Iringa mjini, nimwite Bi Zuhura. Anauza vitambaa vya sare za shule, na juu ya duka ana chumba alichotaka kukifanya darasa la kompyuta. Alinunua laptop kumi na mbili, mpya, hazina Windows. Akapata namba yangu kwa rafiki mmoja wa Atu.

Akaniambia kwenye simu: "Mwanangu, wanafunzi nimeshawaandikisha, tunaanza Jumatatu baada ya wiki mbili. Njoo Jumamosi ya kabla yake uziweke sawa. Ukiweza, kazi ya ualimu ni yako. Ukishindwa nitamwita Fundi Sanga, yeye yupo hapa hapa."

Nikasema sawa mama.

Nikawaza: pale atatumia intaneti ya simu. Laptop kumi na mbili zikianza kushusha updates kila moja kivyake, hatufiki Jumatatu. Dawa ni kutengeneza flash ambayo tayari ina updates na drivers, yaani programu zinazoendesha vifaa vya laptop, ndani yake. Ukimaliza ku-install, wifi inashika, sauti ipo, touchpad inatembea.

Hapa ndipo nilipofanya kosa la kijinga kuliko yote. Sikumuuliza laptop zake ni aina gani.

Niliandika ujumbe wa kumuuliza, nikaufuta. Nikauandika tena, nikaufuta. Niliwaza ataona huyu msomi gani anayeuliza maswali ya mtoto. Badala ya kuuliza swali moja, nikashusha drivers za karibu kila laptop iliyopo duniani na kuzipachika zote ndani ya Windows kwa programu iitwayo DISM.

Faili la install.wim, lenye Windows yenyewe, likanenepa mpaka likavuka GB 4, flash ya FAT32, mfumo usiopokea faili kubwa kuliko hapo, ikalikataa, nikaligawa vipande viwili. Nikajiona bingwa. Nikaijaribu kwenye laptop ya zamani ya Atu mara saba.

Atu akanifokea: "We, hiyo laptop yangu unaitafutia nini? Kila nikirudi kazini inaniuliza naishi nchi gani!"

Ijumaa nikanakili kazi yangu kwenye flash nne, nikapanda basi. Jumamosi asubuhi nikawa juu ya duka, baridi ya Iringa mnaijua, nimevaa masweta mawili na bado jasho linatoka.

Fundi Sanga nilimkuta ameshafika. Mtu mzima, kajiegemeza dirishani na kikombe chake cha chai. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniambia, "Endelea mwalimu, mimi nimekuja kutazama tu."

Nikachomeka flash. Ikawaka vizuri. Lugha, sawa. Masharti, sawa. Nikafika pale inapouliza u-install kwenye disk ipi.

Orodha tupu.

Wakuu, tupu kabisa. Hakuna disk hata moja.

Nikajaribu ya pili. Tupu. Ya tatu. Tupu.

Kichwa kikaanza safari zake. Labda laptop zimeuzwa bila disk. Labda mimi ndiye nimeziua, na Bi Zuhura atadhani nimezing'oa. Nikaanza kupanga kwamba natoka kama naenda kununua waya, kisha moja kwa moja stendi, nazima simu mpaka Mafinga.

Sanga akaniuliza, "Vipi mwalimu, Windows nayo imeona baridi?"

Bi Zuhura akapanda na chapati. Akanitazama usoni, hakutazama hata laptop. "Kuna nini mwanangu?"

Nilikuwa nimeandaa uongo mzuri sana wa kitaalamu. Lakini ukatoka ukweli: "Mama, sijui. Disk hazionekani. Na nilitakiwa nikuulize mapema ni laptop za aina gani, nikaona aibu."

Akaishika laptop moja, akaigeuza chini juu. "Si jina lake hili hapa limeandikwa?"

Limeandikwa kweli! Nilikuwa nimekaa nazo saa nzima sijageuza hata moja.

Akacheka. "Mimi mteja wa sare simkadirii kwa macho. Namwambia simama hapa, nampima. Ungesema tu, ningepiga picha nikakutumia WhatsApp, dakika moja."

Nikaingiza lile jina Google. Jibu la kwanza kabisa: laptop hizi zinahitaji driver ya storage wakati wa ku-install, la sivyo disk haionekani. Nikafungua folda yangu ya drivers. Ile driver ninayo! Nilishaipakua, nikaipachika!

Sasa kwa nini haifanyi kazi?

Sanga akaweka kikombe chini, akasogea. "Hapo pameandikwa Load driver. Wewe ibonyeze, ipe driver kwa mkono."

Nikanakili folda kwenye flash, nikabonyeza, nikaionyesha. Disk ikatokea! Nilipiga kelele mpaka wateja wa chini wakauliza kuna nini.

Na hapo hapo nikaelewa kosa langu. Kwa asiyejua, ndani ya flash kuna mafaili mawili makubwa. boot.wim ni kama fundi anayekuja kufunga Windows. install.wim ni mzigo anaokuja nao. Mimi mzigo niliujaza kila kitu, ila fundi mwenyewe nikamtuma bila miwani. Laptop ya Atu ni ya zamani, fundi aliiona disk bila msaada, ndiyo maana majaribio saba yote yalinidanganya.

Sanga akasema, "Basi tuzifunge hivi hivi, moja moja kwa mkono." Ingewezekana. Ila nikafikiria siku laptop moja ikiharibika na mimi sipo. Nikafungua laptop yangu, nikai-mount boot.wim, yaani kuifungua niihariri, sehemu zake zote mbili, index 1 kisha index 2, kwa sababu ile ya 2 ndiyo yenyewe inayouliza disk. Nikaongeza driver ya storage, nikafunga kwa /Commit ili mabadiliko yahifadhiwe, nikabadilisha faili kwenye flash zote nne.

Nikachomeka. Nikafumba macho kabisa.

Sanga ndiye aliyesema: "Fungua macho mwalimu, ipo."

Bi Zuhura aliporudi kutoka kuswali alasiri, zote kumi na mbili zilikuwa zimewaka, wifi imeshika, hakuna update ya kusubiri. Sanga akanivuta pembeni: "Kijana, flash moja niachie."

Jumatatu nikasimama mbele ya darasa. Dakika ya kumi tu, dada mmoja wa Kalenga akaniuliza jambo kuhusu kibodi ambalo sikulijua. Nikasema, "Sijui. Tuangalie wote."

Tukaangalia. Hakuna aliyecheka. Bi Zuhura alikuwa mlangoni, akaondoka zake kwenda kuuza vitambaa.

Nilichojifunza: jaribu flash kwenye mashine ile ile utakayoifunga, driver ya storage iingie boot.wim pia, na uliza kabla hujaanza.

Kwa hiyo wakuu, leo nauliza mbele yenu wote: updates za mwezi ujao, niziongeze juu ya image hii hii niliyoihariri au nianze na ISO safi, yaani Windows ya asili isiyoguswa, kila mara? Sijui. Wajuzi nielekezeni, na kama nimekosea popote hapo juu, nisahihisheni bila huruma.