Nilifunika bwawa la mama kwa azolla, sato wakaanza kukosa hewa

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi humu ni msomaji wa kimya tu, ila leo acha niandike. Yote yamenitokea mwenyewe hapa Mwanza. Mama yupo pembeni anachambua mchicha, nikiongopa atanisahihisha.

Mzee wetu alipofariki, mama alijifungia ndani. Kula shida, kuongea shida. Kilichomtoa kitandani ni bwawa la samaki alilochimbisha nyuma ya nyumba yake, Buswelu. Akaweka vifaranga vya sato, akaanza kuamka mapema, akaanza hata kuimba. Kwa hiyo mnielewe, lile bwawa kwetu si samaki tu.

Sasa mama akaitwa Sengerema kumuuguza dada yake. Mimi naishi Kiseke, nikahamia kwake kulinda nyumba. Maelekezo yalikuwa mafupi: "Chakula asubuhi na jioni. Usibadilishe kitu."

Nikabadilisha.

Niliona video ya watu wanaofuga abalone, wale konokono wakubwa wa baharini. Wanawalisha mwani, yaani majani ya baharini, na wanakua vizuri. Nikajiuliza, sisi wa maji baridi tunashindwa nini? Kusomasoma nikakuta sato nao wanakula azolla, kajani kadogo kanakoelea juu ya maji. Nikaomba ndoo moja kwa mfugaji wa kuku, nikamwaga yote bwawani.

Siku za mwanzo raha tupu. Sato wanadonoa, mimi napiga picha. Confidence ikapanda, nikapunguza hata chakula chao cha kawaida.

Azolla inazaliana balaa, wakuu. Wiki ya pili imeziba bwawa lote, ungedhani ni uwanja wa mpira. Na mimi nafurahi, chakula kimejileta chenyewe!

Asubuhi moja, kumepambazuka tu, nikasikia midomo inadonoadonoa maji kila upande. Nikasogeza majani. Sato wako juu, midomo wazi, wanahema. Watatu wameshageuka matumbo juu.

Nilimwaza mama anarudi kitandani, anageukia ukuta.

Nikakimbilia kwa jirani, Mama Kulwa, aliyewahi kufanya kazi kwenye vizimba vya samaki ziwani. Akaja, akaangalia mara moja tu.

"Umewafunika blanketi," alisema. "Hewa watapata wapi? Toa hayo majani! Na leo usiwape chakula."

Tukaingia majini hadi kiunoni. Tulikokota azolla kwa chandarua kikuukuu, tukaitupa ukingoni. Kisha akaleta pampu yake ya kumwagilia bustani, tukawa tunavuta maji ya bwawa na kuyarusha juu ili yarudi na hewa.

Saa nne hivi, sato mmoja akaacha kuhema juu, akazama kuogelea. Akafuata mwingine. Halafu uso wa maji ukatulia. Nilikaa kwenye tope nikalia, sioni aibu kusema.

Tulipoteza kumi na mmoja. Waliobaki wote wazima.

Siku nne baadaye mama akavuka na kivuko kutoka Kamanga, nikaenda kumpokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Samaki wangu?"

Nikamweleza yote pale pale, begi lake likiwa bado mkononi. Kufika nyumbani hakuingia ndani, alinyoosha moja kwa moja bwawani, akarusha konzi ya pumba. Maji yakachemka kwa sato.

Ndipo akacheka. Mimi ndipo nikapumua.

"Siku nyingine ukitaka kujaribu, jaribu kwenye beseni," akasema. "Haya, twende ukale."

Nilichojifunza: azolla haina kosa, kosa ni langu. Sasa tunaiotesha kwenye kishimo chake pembeni, tunawapa kidogo wanachoweza kumaliza, na maji ya bwawa yanabaki wazi. Na kitu cha mtu usikifanyie majaribio mwenyewe akiwa hayupo, hata kama umeona video mia.

Wafugaji mliomo humu, ninyi azolla mnawapa mbichi au mnaikausha kwanza? Mama anasema mbichi, Mama Kulwa anasema ikaushwe, na kwenye ubishi huo mimi wameninyang'anya kura. Nisaidieni.