Goli Lisilo na Mizizi

Jina la Popo alilipata akiwa kijana wa shule, na halikumtoka tena. Kwenye vyeti ana jina jingine, zuri tu, alilopewa na bibi yake, lakini likisomwa kwenye kikao cha walimu watu huangaliana kwanza kabla ya kukumbuka ni nani huyo. Hata yeye akipigiwa simu na mtu asiyemfahamu hujitambulisha, "Mwalimu Popo hapa," kisha hukohoa kidogo, kama aliyeteleza ulimi mbele ya wakwe.

Shule anayofundisha ndiyo aliyosoma. Ni ya serikali, tena ndogo. Ukisimama mlangoni pa ofisi unaiona yote: madarasa yenye mabati yaliyoshika kutu, tangi la maji, jengo la maabara ambalo limekuwa likijengwa tangu mafundi wake wakiwa na nywele nyeusi, na uwanja mmoja. Uwanja huo ndio wa mpira wa miguu, ndio wa riadha, ndio wa netiboli ukichora mistari pembeni, na mvua ikinyesha ndio bwawa. Watoto nao ni walewale. Anayedaka mpira ndiye anayeruka mbali, na akitoka kuruka anakabidhiwa kijiti cha mbio za kupokezana kabla hajapumua. Shule nyingine zikileta timu tatu, hii huleta timu moja inayobadilisha fulana.

Popo alisomea jiografia. Michezo alitwishwa siku yake ya kwanza kazini, kwa sababu kati ya walimu wote ndiye aliyekuja amevaa raba. Basi akawa kama popo kweli, si ndege si mnyama: asubuhi anachora mito ubaoni, jioni anapuliza filimbi. Hakulalamika. Alipenda jioni kuliko asubuhi.

Jina lenyewe lilitokana na picha iliyotundikwa ofisini kwa mkuu wa shule, juu ya kabati la kombe. Kombe ni moja, na kabati lilitengenezwa kubwa kwa matumaini. Kwenye picha kuna kijana mwembamba, kipa, amening'inia kwenye mwamba wa goli kwa mikono miwili, magoti ameyakunja, kichwa amekirudisha nyuma. Kila mwanafunzi mgeni husimuliwa habari zake: kwamba kabla ya fainali ile kipa aliruka akaning'inia kama popo mbele ya maadui, kwa dharau tu, wakanywea, na kombe likaja nyumbani. Tangu hapo kila kipa wa shule, awe wa kiume au wa kike, lazima aning'inie kwanza ndipo mechi ianze. Wanaita kupiga popo. Watazamaji huimba jina hilo mpaka kipa aruke, na asiporuka huzomewa na watu wa kwao wenyewe.

Ukweli aliujua Popo peke yake. Siku ile hakuwa na dharau wala ushujaa. Magoti yalikuwa yamemlegea kwa woga, na alishika mwamba kwa sababu ndicho kitu pekee uwanjani ambacho hakikuwa kinatetemeka. Angesema, nani angemcheka baada ya miaka yote hiyo? Lakini sifa ni tamu, na anayesifiwa uongo ni nadra kusahihisha. Alizeeka nayo ile hadithi, ikawa kama koti la kuazima ambalo mwenyewe hajaja kulidai.

Zamani ilikuwa hadithi isiyo na madhara. Nguzo za goli zilikuwa zimezikwa kwenye zege, hata tembo angening'inia. Kisha uwanja ukahitaji njia za mbio, na njia hizo zikapita katikati ya mdomo wa goli. Wanafunzi wa zamani wakachangishana, wakaleta magoli mapya ya mabomba, ya kubebwa. Siku za riadha yanawekwa kando, siku za mpira yanarudishwa. Watoto walifurahi, rangi nyeupe inang'aa, nyavu mpya. Fundi aliyeyaleta alisema neno moja kabla ya kuwasha gari lake.

"Haya hayana mizizi, mwalimu. Yafungeni chini, au myakandamize nyuma na kitu kizito. Hilo bomba la mbele likija, haliji polepole."

Vigingi vilivyokuja nayo vilipinda vyote kwenye ule udongo mkavu. Popo akatafuta njia yake. Alichukua mchanga wa ujenzi pale maabara, ule mweupe wa mtoni, akaujaza kwenye magunia na kuyalaza juu ya bomba la nyuma la kila goli. Udongo mwekundu wa pale shuleni aliukataa, maana ni laini na ungevuja kwenye vitundu vya gunia. Kazi hiyo aliifanya mwenyewe, na mgongo ukamuuma wiki nzima.

Mchana mmoja wa upepo, magunia yakiwa yamesogezwa ili nyasi zikatwe, goli la upande wa maabara lilianguka lenyewe. Hakukuwa na mtu. Popo alikuwa darasani, akasikia kishindo kimoja kifupi, akatoka mbio. Bomba la mbele lilikuwa limechimba mfereji ardhini, na kwenye mfereji huo kulikuwa na chupa ya maji ambayo mtoto fulani alikuwa ameisahau. Ilikuwa bapa kama karatasi. Akaiokota, akaitia mfukoni, na hakujua kwa nini aliificha.

Kuanzia hapo hofu ikahamia kwake. Mdakaji wa sasa alikuwa mpwa wake wa damu, mtoto wa dada yake. Wenzake walimwita Gundi, kwa sababu mpira ukifika mikononi mwake hautoki. Msichana mrefu, mcheshi, anayekula akiwa amesimama. Nyumbani alimwita mjomba, shuleni alimwita mwalimu, na akitaka kitu alichanganya yote mawili. Mama yake ni fundi cherehani, na siku alipomwandikisha pale alimshika mdogo wake mkono.

"Mdogo wangu, sina mwingine. Nimekupa mzima, nirudishie mzima."

"Dada nawe, ni mpira tu, si vita."

"Nimesema mzima."

Popo akaenda kwa mkuu wa shule, mama mwenye miwani ya kamba na kazi nyingi kuliko siku.

"Mkuu, yale magoli tuyachimbie. Tupate mafundi, tuyafunge kwa zege."

"Mwalimu, fainali ni wiki ijayo na riadha ni siku hiyohiyo. Ukifunga leo, wakimbiaji wapite wapi? Juu ya maabara?"

"Basi tukataze kupiga popo."

Mkuu akainua macho kwenye picha, akacheka mpaka miwani ikamwanguka kifuani. "Ukataze wewe? Si bora nimsikie samaki akikataza maji. Kuna wazazi wanakuja kwa hilo tu, mwalimu."

Hapo ndipo alipaswa kusema. Neno lilikuwa mdomoni: niliogopa, mkuu, hakuna chochote pale isipokuwa woga. Badala yake akatabasamu, akaaga, na ubaya zaidi ni kwamba alitoka amefurahi.

Kwa Gundi alijaribu pia. Alimwambia aache, aguse tu mwamba kwa kidole, inatosha. Gundi akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Wewe uligusa kwa kidole, mjomba?"

"Zamani zilikuwa nguzo za zege."

"Kwa hiyo ulining'inia."

"Nilining'inia," akasema, na lile tabasamu likamtoroka tena. Mtoto aliliona. Watoto huyaamini matabasamu kuliko maneno.

Siku ya fainali iliamka na mawingu mazito yasiyonyesha. Magari ya wageni yalijipanga tangu mapema. Riadha ilitangulia. Popo alikuwa huku na kule, filimbi mdomoni, utepe mkononi, anaitwa na watu watatu kwa pamoja. Mwamuzi wa kuruka akamsimamisha.

"Mwalimu, shimo lenu ni jiwe. Mvua imekomba mchanga wote. Mtoto hatatua hapa nikiwa naangalia."

Popo hakugeuka hata kutazama. Aliwapigia kelele viranja waliokuwa karibu. "Tafuteni mchanga, jazeni shimo. Upesi, watu wanasubiri."

Viranja wale walikuwa watoto wazuri, wepesi, wanaotii. Shimo likajaa. Gundi akaruka, akatua kwenye mchanga laini, akashinda, akanyanyuka akiwa mweupe mpaka nyusi kama mpishi aliyeanguka kwenye unga. Watu wakacheka. Popo naye akacheka, akapiga makofi, na hakuna kitu kilichomnong'oneza.

Magoli yakabebwa yakarudishwa mahali pake. Alikagua nyavu, alikagua mistari. Mkuu wa shule akamwita jukwaani asalimiane na mgeni rasmi, na mgeni akataka kusikia kisa cha popo kutoka kwa popo mwenyewe. Akakisimulia. Alikisimulia vizuri, na dharau akaiweka mahali pake, na maadui wakanywea kama kawaida. Magunia hakuyakagua.

Aliposhuka, timu zilikuwa zinaingia. Gundi alikuwa amekaa ukingoni mwa uwanja akibadilisha viatu. Alivua raba moja, akaipindua, akaigonga chini. Mchanga ukamwagika juu ya udongo mwekundu. Mchanga mweupe, wa mtoni.

"Twende, mwalimu mjomba," akasema, akaruka akaenda golini.

Popo alibaki anautazama ule mchanga. Pale shuleni mchanga mweupe ulikuwa mahali pawili tu, na fundi wa maabara alikuwa ameshauzungushia wake uzio. Akainua macho. Kupitia wavu, nyuma ya goli la upande wa maabara, aliyaona magunia. Yalikuwa yamekunjwa vizuri, moja juu ya jingine, na juu yake watoto wale wenye adabu walikuwa wameweka jiwe dogo yasipeperuke.

Akakimbia. Goli lilikuwa mbali, na uwanja ule hakuwahi kuuona ukiwa mrefu hivyo. Na wakati huohuo watazamaji wakaanza kuimba.

"Popo! Popo! Popo!"

Akapaza sauti, "Gundi, acha! Usishike!" lakini uwanja mzima ulikuwa unaita jina lake, na sauti yake ikazama humo. Waliomwona akikimbia walidhani mzee amepandwa na mori, anakwenda kuning'inia na mpwa wake. Wakashangilia zaidi. Dada yake, aliyekuja na kitenge kipya alichojishonea kwa siku hiyo, alisimama akapiga vigelegele. Gundi alimwona mjomba anakuja mbio na mikono juu. Akacheka, akarudi hatua chache nyuma, akaruka juu kuliko siku zote.

Mwamba ukaja naye. Haukuja polepole. Mtu mwingine angeachia, lakini huyu hakuitwa Gundi bure. Alishikilia. Kishindo kilikuwa kimoja, kifupi, kilekile, na Popo alikuwa bado hajafika.

Kichwa kilikoswa kwa upana wa kiganja. Mkono wa kulia haukukoswa.

Mechi haikuchezwa. Wiki hiyohiyo mafundi walikuja na zege, na njia za mbio zikahamishiwa pembeni, jambo ambalo kumbe liliwezekana. Viranja wawili walikwenda kwa mkuu wakilia, wakasema ni wao waliomwaga magunia. Popo akasimama mbele ya shule nzima, akasema aliyewatuma ni yeye, na kwamba kulinda goli lile ilikuwa kazi yake. Hilo alilisema. Ile hadithi ya picha hakuigusa hata siku hiyo.

Hospitalini dada yake alikuwa amekaa upande wa dirisha, kitenge kipya amekigeuza kuwa shuka la mgonjwa. Hakuitikia salamu. Alikuwa amekwisha kusema neno lake siku ile walipomwandikisha. Daktari alikuwa amesema vidole vitatu vitapona. Kuhusu viwili alisema wasubiri, na alikuwa hawatazami alipokuwa akisema.

Popo akavuta kigoda. Gundi alikuwa macho, mkono umefungwa mpaka begani, midomo imekauka.

"Mjomba."

"Naam, mama."

"Nataka kukuuliza. Ile siku yako, ulipokuwa umening'inia, ulikuwa unawaza nini?"

Hapakuwa na picha ukutani pale, wala mgeni rasmi. Popo alitazama mikono yake mwenyewe, mizima yote miwili, akaifunga kati ya magoti.

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Miguu ilikuwa imekufa. Nilishika mwamba ili nisianguke mbele za watu. Hakuna kingine, mama. Kile cha dharau ni maneno ya watu, nami nikawaachia."

Nje, toroli lenye gurudumu bovu lilikuwa linasukumwa kwenye ukumbi.

"Hata mimi nilikuwa naogopa," akasema Gundi. "Tangu asubuhi. Nilitaka kugusa kwa kidole tu, kama ulivyoniambia. Halafu nikakuona unakuja, nikajua wewe hukuwahi kuogopa. Nikaona aibu."

Dada yake Popo aligeuka kutoka dirishani, akamtazama mdogo wake kwa mara ya kwanza siku hiyo.