Gego langu lililala ndani ya fizi, nikahofia mdomo unaonilisha

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, siongezi chumvi.

Mimi ni mwongoza watalii hapa Mikumi. Chuo sijapita; Kiingereza na majina ya ndege nimejifundisha kwenye simu. Ndiyo maana nataka kila kitu kiwe perfect. Nikikosea ndege mmoja tu, usingizi sipati.

Basi gego la mwisho, chini kulia, likaanza kuuma. Fizi imevimba, mdomo haufunguki vizuri. Nikajua ni uchafu, nikazidisha mswaki mpaka damu.

Nikaenda hospitali, daktari wa meno akanipiga X-ray, akanionyesha. Jino limelala ubavu kama mtu kitandani, linamsukuma mwenzake!

"Hujakosea chochote," akasema. "Limekosa nafasi ya kuota, basi."

Nilitaka kulia kwa nafuu. Halafu akaongeza kwamba lazima ling'olewe, ila mshipa wa fahamu uko jirani, na mara chache mdomo hubaki na ganzi.

Mdomo! Hiyo ndiyo ofisi yangu, wakuu.

Nikakubali hivyohivyo. Maumivu sikuyasikia, ila ile sauti ya jino likikatwa vipande... tuiache.

"Ng'ata hii gozi ya kuzuia damu, usiongee," nikaambiwa.

Nikaenda kupumzika kwa bibi yangu, Magomeni ya Kilosa. Mimi nikiambiwa usiongee, siongei. Nikamkuta kibarazani na majirani zake, nikainamisha kichwa, nikapita.

"We! Shikamoo umeiacha Mikumi?" bibi akafoka. "Au wazungu wameifuta?"

Wakacheka. Nikaonyesha shavu, wapi!

Jioni ile nilishinda kwenye kioo nabonyeza mdomo. Sisikii kitu. Hata kama ganzi ya sindano inachelewa kuisha, ndiyo ichelewe hivi? Nikajiona nimesimama mbele ya wageni, nashindwa kutaja hata tembo.

Asubuhi bibi akaniletea uji uliopoa. Ukanichuruzika kidogo, na nikausikia. Mdomoni!

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kumbe ulikuwa unatunyima tu!"

Nilichojifunza: jino la nyuma likisumbua, kapigwe picha mapema, uulize kila kitu kabla ya kukaa kwenye kile kiti. Na wazee wa nyumbani uwape taarifa kabla hujafunga mdomo.

Sasa nawaomba. Kidevuni pamebaki sehemu ndogo bado ina ganzi, naipapasa hata nikiandika hapa. Daktari anasema nisubiri, itarudi. Mliopitia hii, kwenu ilirudi yote? Semeni ukweli, hata kama si mzuri.