Jina Lililobaki Mto Itare

Cheka ukitaka, lakini ukimaliza kucheka unisikilize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, macho wazi.

Wakati ule msitu wa Kericho ulikuwa bado unafyekwa kupisha chai. Mimi, mtu wa kutoka ziwani, nilikuwa mpishi wa Mzungu aliyependa kulala hemani kando ya Mto Itare ili avue samaki. Mtu ana nyumba ya mawe na kitanda cha chuma, halafu anaenda kulala kwenye matope kwa hiari yake! Nasi tunambebea sufuria na viti.

Aliyetuongoza msituni ni arap Tonui, Mkipsigis aliyetundika mizinga ya nyuki huko. Huyo alikuwa rafiki yangu wa kula sahani moja. Kwao mtoto akizaliwa, wanawake hutaja majina ya wazee waliokufa mpaka apige chafya, na lile alilolipigia chafya ndilo lake. Kwetu babu mwenyewe huja ndotoni kudai mtoto aitwe jina lake. Majina hayo hayatangazwi sokoni. Lakini siku moja tukichoma mahindi arap Tonui aliniambia lake, nami nikamwambia langu. Niamini, huko milimani hakuna mwingine aliyelijua.

Safari moja, jioni, ukungu ulishuka mpaka hema likapotea. Arap Tonui akaniomba nikachote maji kwenye kivuko cha juu, akisema ya hapa chini yana tope. Nikachukua debe nikaenda. Kwa nini nimshuku?

Ng'ambo alisimama mzee aliyejifunika ngozi ya nyani. Akaniita kwa jina lile lile, kwa upole, jinsi Mama alivyokuwa akiniita. Ungefanyaje wewe? Niliitika.

Hapo Itare, mto unaopiga kelele usiku na mchana, ukanyamaza. Sikumwona akivuka, ila alikuwa mbele yangu, na miguu yake mikavu. Akaniuliza kama jina hilo ni langu kweli. Nikasema ndiyo, maana nani atamkana babu yake?

"Basi nimepokea," akasema.

Nikamuuliza amelipata wapi. Akanyoosha kidole kambini, na maji yakaanza kelele yake tena. Mzee hakuwepo.

Nilirudi na debe tupu. Arap Tonui alikuwa ameketi motoni akicheka na kulia, akijiita jina ambalo nilikuwa sijawahi kulisikia. Ndipo nikajua kwamba lile aliloniambia tukila mahindi lilikuwa la uongo. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nimekipikia.

"Alichukua yangu nikitafuta asali hapo," akaniambia bila kunitazama. "Akasema nilete ingine ndio anirudishie. Sasa ningefanya nini, chorwenyun?"

Chorwenyun, yaani rafiki yangu. Bado alithubutu kuniita hivyo! Nilitaka kumpiga kwa debe, lakini nikaliweka chini. Moyo uliniuma kuliko hofu yenyewe.

Nikaacha kazi nikaenda nyumbani. Mama alinipokea mlangoni akaniita. Niliona midomo yake ikicheza, sauti sikusikia. Nikamwomba arudie. Akarudia, na akaelewa kabla yangu, akakaa chini pale pale kizingitini. Mpaka anazikwa aliniita mwanangu tu. Nami nilipopata watoto, babu hakumjia mtu yeyote ndotoni.

Kwa hiyo ukienda msituni na rafiki, mpe chakula, mpe hata blanketi lako. Jina ulilopewa na wafu wako liache kinywani mwa mama yako. Na ukiitwa kutoka ng'ambo ya mto, chota maji yako uende.

Usiniulize langu lilikuwa lipi. Aliyebaki akilijua ni arap Tonui, na hata akilitaja hapa mbele yangu, sitalisikia.