Kocha wetu Mpolandi na uzio wa Flemingdon Park

Heshima kwenu wakuu. Hili nimeliona kwa macho yangu, sijasimuliwa. Shule niliishia njiani, mwandiko mtauvumilia.

Kwanza niwape la baba yangu mdogo, kule Singida.

Aliokota hirizi mlangoni kwake, akaapa hapiti tena mlango ule. Masika nzima akawa anaingia ndani kwa dirisha. Siku moja akakwama kiunoni, nusu ndani nusu nje, mvua inamnyeshea makalio. Mama mdogo akamwambia, "Kaa hapo hapo, ugali nitakuletea."

Marehemu alikuwa na tumbo, Mungu amrehemu.

Basi wakuu, nimezeeka huku Toronto, nikadhani mambo ya milango nimeyaacha Singida.

Tuna timu yetu ya Waswahili. Kocha alikuwa mzee wa Kipolandi, Tadeusz, sisi tukamwita Tadeo. Ujanani alicheza beki wa kushoto kwenye klabu moja kubwa ya kwao. Goti likaisha, akafundisha vijana wa klabu ile ile, uongozi ulipobadilika wakamtema. Huku akawa fundi rangi. Sisi alitufundisha bure, kwa chapati na maharage ya mke wangu. Chapati anakula kwa uma, jamani.

Mwenzake aliyecheza naye alibaki klabuni, leo ni kocha msaidizi. Summer hii akaja Mississauga kumwona dada yake. Tadeo akambembeleza mpaka akakubali kuja kwenye fainali yetu, uwanja wa Flemingdon Park, amtazame Kulwa, straika wetu, kijana wa Mount Dennis anayepakia mizigo warehouse. Akimpenda, anamwita Poland kwa majaribio.

Siku hiyo Tadeo alivaa koti, kwenye joto lile.

Kumbe kamati ya ufundi ilishakaa. Mnaijua kamati ya ufundi, wale wazee wa dawa wasiojua mpira. Wakasema geti limetegwa na wapinzani, kwa hiyo timu inaruka uzio.

"Kocha, leo tunapita juu," mwenyekiti wetu Mzee Shabani akamwambia.

"Geti liko wazi."

"Ndiyo maana hatupiti."

Tadeo akacheka, akapita getini peke yake na mfuko wa mipira. Akageuka, akamwita Kulwa.

Kulwa akamtazama kocha. Akamtazama Mzee Shabani, ambaye ni mjomba wake.

Akaruka.

Mguu ulipinda akitua, kifundo kikavimba pale pale. Mgeni wa Poland alikuwa kasimama pembeni na kahawa yake, anaona kila kitu.

Mechi tulishinda kwa penati. Mzee Shabani akawa anazunguka uwanja, "Mmeona? Mlisema nini nyie?" Mgeni alishaondoka, hakungoja hata half-time.

Nilichojifunza: mkimpa mtu timu, mwacheni aingie nayo anakotaka. Wa kamati ya ufundi mliomo humu, njooni hapo chini mnitukane, nipo.

Tadeo yeye mechi nzima alikaa chini kwenye majani, kashika barafu kwenye mguu wa Kulwa.

Watu wanaimba, nikamwona anavua filimbi shingoni, anaiweka kiganjani mwa Kulwa. Akachukua koti lake.

Nikamwita, "Kocha, chapati zipo kwenye gari."

Akanipungia mkono, akapita getini, akaenda zake kituo cha basi. Hajarudi mpaka leo.