Kivuli cha Chumba cha Juu

Mawakili wenzake walimwita Wakili wa Jua. Mwenyewe alijifanya jina linamkera, ila ukimwita kwa jina lingine alichelewa kuitika. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufukuzia kuku, na kwa miaka mingi alikula kwa kesi za wafanyabiashara: saruji iliyoganda bandarini, lori moja lililouzwa kwa watu wawili, ndugu waliogawana kiwanda cha mkate wakashindwa kugawana tanuri. Alizipenda kesi hizo. Watu wazima na suti zao wakivutania tanuri, alisema, hakuna sinema inayofikia hapo.

Kisha zikaja kesi za nishati jadidifu. Wakubwa wa ofisi walilitazama neno hilo, wakatazamana, halafu mafaili yote wakamtupia yeye. Hakununa. Alisoma, akawasumbua mafundi kwa maswali, akapanda juu ya mapaa huku viatu vya mahakamani kavishika mkononi, mpaka akazijua paneli za sola kama sufuria za jikoni kwake.

Kesi iliyompa jina ilikuwa ya kiwanda cha sabuni. Kiwanda kilikuwa na paneli juu ya paa, jirani akasimamisha bango la matangazo, kivuli kikaziangukia. Sheria haikuwa na la kusema. Wakili akasema yeye, asubuhi nzima. Alidai kwamba jua lililokwisha kuanza safari ya kwenda kwenye paneli tayari lina mwenyewe, sawa na maziwa uliyoyaagiza, na anayelizuia njiani ni mwizi kama wezi wengine. Jaji, mtu mnene aliyependa mambo mapya, akayaandika maneno hayo hayo kwenye hukumu. Bango likang'olewa, na picha ya wakili ikatoka gazetini.

Baada ya hapo watu wakashikwa na wazimu. Mmoja alimshtaki jirani yake kwa kuanika mashuka. Mwingine alimshtaki mtu mrefu kwa kupenda kusimama uani. Kampuni moja iliuandikia mti barua ya madai, mti wenyewe, si mwenye mti, kisha ikalalamika kwamba haujajibu. Wakili wa Jua alialikwa kwenye semina kuyafafanua yote hayo. Aliyafafanua kwa uso mkavu, na akapigiwa makofi.

Kwa ada ya kesi ile alimjengea mama yake chumba cha juu. Mama alikuwa mjane, akiishi chini, katikati ya maghala mawili, mahali ambapo hata kuchagua mchele saa sita mchana kulihitaji taa. Chumba kilipokwisha alipanda, akaketi dirishani, jua likamwangukia mapajani.

"Mwanangu," alisema, "leo nimetoka kaburini."

Toka siku hiyo hakushuka ila kwa kupika na kwa misiba.

Mambo yanakoelekea mnakuona. Ikaja kampuni ya umeme wa sola, ikajaza paneli kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba hiyo ili kulisha majengo ya mtaa ule, mahakama ikiwamo. Kila alasiri kivuli cha chumba cha mama kilijinyoosha taratibu, bila haraka, mpaka kikazifunika. Kampuni ikaenda mahakamani kuomba chumba kivunjwe. Kwamba chumba ndicho kilichotangulia haikuwa hoja, maana kwa hukumu ya bango jua lina mwenyewe tangu huko huko juu.

Mama alipiga simu. "Wameniletea karatasi. Wanasema naiba jua."

"Nani kasema?"

"Eti mahakama. Kuna wakili mmoja aliwafundisha."

"Mama, wakili huyo ni mimi."

"Najua ni wewe. Sasa njoo uwafundishe vingine."

Akaenda. Jaji alikuwa yule yule, kaongezeka unene. Wakili wa kampuni alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, siku hizi baba wa watu mwenye kitambi, ambaye kila alipoitaja hukumu ya bango aliinama kumheshimu mwalimu wake. Aliinama mno siku hiyo. Na kila kivuli kilipofika kwenye paneli, feni ya mahakama ilipunguza mwendo, ikasimama, na jaji akaanza kutiririkwa na jasho huku akimtazama mdaiwa kwa jicho lisilo zuri.

Mama akapandishwa kizimbani.

"Bibi," akauliza mwenye kitambi, "kivuli hiki ni chako?"

"Mimi nakaa ndani, baba. Kivuli kiko nje. Hatujawahi kukutana."

"Lakini unakubali kwamba kinatoka kwako?"

"Kinatoka kila siku, na hakiniagi."

Watu wakaangua kicheko. Jaji hakucheka. Wakili wa Jua alisimama, akajaribu njia zote anazozijua. Alisema bango si chumba. Alisema uwanja si paa. Alisema mama ndiye aliyelipata jua kwanza. Kila alipofungua mlango, mwanafunzi wake aliufunga, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuufunga. Ikabaki njia moja, na jaji akaiona kabla yake.

"Wakili, si wewe uliyeniambia jua lina mwenyewe?"

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Sasa unaniambia halina."

Alitazama meza. Nyuma yake walijaa mawakili vijana waliokuja kumsikiliza, na aliona aibu, aibu ya kumchoma masikio. "Nilikosea, mheshimiwa jaji. Hoja ile haikuwa na kichwa wala miguu. Nilitaka kushinda tu."

Jaji akaandika kwa muda mrefu.

Siku ya hukumu feni ilisimama kabla jaji hajamaliza ukurasa wa kwanza. Alisoma hivyo hivyo, karatasi zikimganda vidoleni. Jua halina mwenyewe. Chumba kisivunjwe. Wakili alishusha pumzi na kuushika mkono wa mama yake. Jaji akaendelea: hukumu ya bango ilikuwa kosa, na kosa hilo lilitokana na wakili mwenye kiburi na asiyejali ukweli, aliyeipotosha mahakama.

Mama akasimama.

"Samahani, mheshimiwa. Hapo pa wakili, pafute."

"Bibi, umeshinda," jaji akasema. "Keti."

"Yeye alisema, wewe ukakubali. Mlikuwa wawili. Mbona umemwandika peke yake?"

Karani aliinua macho kuitazama feni, kana kwamba itamsaidia. Jaji akajipangusa shingo. "Hukumu haichaguliwi kama nyanya, bibi. Ukikataa sehemu moja, umeikataa yote."

"Basi chukueni chumba. Gizani nimekaa miaka, nitarudi. Mwanangu hatukanwi mbele yangu."

Wakili alimvuta nguo. "Mama, kaa chini. Aliyoyasema ni kweli."

"Hata kama ni kweli."

Mwenye kitambi aliacha kupanga karatasi zake. Jaji alimtazama mwanamke yule mzee aliyesimama mbele yake, akatazama kalamu yake, akakata mstari, akaandika pembeni. Kisha akasoma upya, kwa sauti ya chini: mahakama ilielezwa hoja mbovu na wakili, na jaji naye, bila kulazimishwa na mtu, akaikubali.

"Inatosha?" akauliza.

Mama alifikiri. "Inatosha. Ahsante, baba."

Akaketi. Wakili wa Jua, aliyewahi kuwatoa jasho wakurugenzi wa kila namna, aliinamia mafaili yake akalia kwa kwikwi, na hakujali nani anamwona. Mama alishika ncha ya joho lake la uwakili na kumfutia nalo machozi, kisha akampenga na kamasi.