Mbithe Arudisha Mbuzi

Mbithe, muuza vitunguu wa Kambu, hakuwa na ubaya wowote ila mmoja: hadithi za mapenzi. Alizisoma kwenye simu mteja akisubiri, akazisoma ugali ukiungua. Na mumewe Ndolo ndiye aliyeumia, maana wanaume wa hadithini kazi yao kupiga magoti na kulia. Ndolo alishinda Kibwezi akimwagilia bamia, akarudi na nyama kidogo, akauliza, "Umeshindaje?" Basi. Kwa Mbithe hayo hayakuwa mapenzi hata kidogo.

Siku moja akasoma ya mwanamke aliyemrudishia mchumba wake pete. Yule bwana nusura awe wazimu, akamfuata hadi kwao, akamlilia mlangoni. Mbithe akafuta machozi, akaamua: na mimi lazima nifuatwe!

Lakini pete angeitoa wapi? Kanisani hawakufunga ndoa. Waliunganishwa na mbuzi wa mahari, na huko Ukambani mke akimkataa mume, watu wa kwao hupeleka mbuzi mmoja kwa huyo mume. Akipokelewa na kuchinjwa mbele ya wazee, ndoa imekwisha. Basi mama huyu, akili zake timamu kabisa, akaenda kwao Mutomo, akamwambia kakake Mutie apeleke mbuzi.

"Dada, hii si mchezo," Mutie akasema.

"Wewe peleka tu. Utaona vile atakuja mbio."

Jamani! Mutie akapeleka. Mbithe akasuka nywele, akapika chapati, akakaa akitazama njia. Jumapili hata kanisani hakwenda, Ndolo asije akamkosa. Ndolo wapi! Hata simu hakupiga. Wiki ilipoisha hasira zikampanda, akarudi Kambu kumuuliza yeye ni mwanamume wa aina gani.

Alimkuta uani, amekonda, ndevu zimemjaa. Kando yake ngozi ya mbuzi ilikuwa imewambwa juani.

"Ngai! Ndolo, mlimchinja?"

"Wazee walikuja. Nikawaomba wangoje, labda utapiga simu. Wakangoja mpaka wakachoka." "Nilikula kipande changu nikilia mbele ya watu, Mbithe. Ulitaka nifanye nini tena?"

"Nilitaka unifuate!"

Ndolo akamkodolea macho kama aliyepigwa kofi. "Nikufuate? Umeniambia hunitaki, umemtuma na kakako mbele ya wazee, halafu nije nikulazimishe? Mimi nilikuheshimu."

"Lakini nilikuwa nakujaribu tu! Nilisoma mahali..." Haki, aliona aibu hata kumaliza.

Ndolo akaingia ndani, akatoka na kiti cha wageni, kile ambacho wao wenyewe hawakukikalia kamwe, akakipangusa vumbi.

"Keti," akasema kwa upole, "nikuletee chai kabla hujaenda."

Mbithe akakitazama kile kiti, akapiga mayowe.